Siku Moja Maishani Mwangu: Naunda Boti Mbeya, Mji Usio na Ziwa

Saa 12:30 asubuhi. Baridi ya Julai hapa Mwanjelwa inauma vidole kabla hujashika kifaa chochote. Dogo ninayemfundisha kazi amenitangulia bandani, amejikunyata ndani ya koti. Boti imelala kifudifudi juu ya mapipa, urefu mita 4.5, shiti ya alumini ya milimita 4. Kila apitaye huuliza, "Fundi, Mbeya kuna ziwa gani?"

Ziwa ni Rukwa, ukiteremka kwa njia ya Mbalizi hadi Mkwajuni na kuendelea. Wanaolijua wanajua halina kina. Kuna mahali maji yanaishia magotini na chini ni tope. Rafadha, yale mapanga ya injini ya kawaida yanayozunguka majini, inakwama au inapinda, na watu wanashuka kusukuma huku wakiwaza mamba. Boti hii haina rafadha inayoning'inia. Tumbo lake ni bapa. Injini ya jeti-ski, ile pikipiki ya majini, niliyoipata mtumba inazungusha impela, kama feni ndogo, ndani ya pampu, maji yanavutwa kupitia mdomo uliokatwa tumboni na kurushwa nyuma kwa nguvu. Ni William Hamilton wa New Zealand aliyeifanya njia hii ifae kwa boti, miaka ya 1950, kwa sababu mito ya kwao ni ya changarawe na maji haba. Tatizo lake ndilo letu.

Saa 1 hadi saa 4: kupasha shiti moto kidogo ili umande ukauke, kufuta mafuta, kusugua kwa brashi ya waya isiyoshika kutu, ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Kusugua, kusugua.

Saa 4 akafika mwenye boti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, tangu asubuhi mnasugua tu? Cheche ziko wapi?"

Amezoea mafundi wa mageti. Nikamweleza kwamba alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ule utando mwembamba juu yake unahitaji zaidi ya 2,000. Usipouondoa, chini kunakuwa uji na juu ngozi bado nzima, mshono unashika kwa macho tu. Na hii mashine ya kuchomelea kwa gesi ya agoni haitoi cheche kama za mageti hata ukiwa unachomelea. Akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza tena cheche ziko wapi.

Nikadhani ataondoka. Akavuta kigoda. Akataka zile nondo zinazokinga mdomo wa pampu ziondolewe, maji yaingie kwa wingi. Mzee, nondo zikitoka, majani na mawe yataingia, na nafasi kati ya impela na ukuta wa pampu haizidi unene wa kadi ya simu. Kokoto moja inaharibu kila kitu. Akataka nipachike fito ya chuma katikati ya tumbo, ikinge mchanga. Fito mbele ya mdomo inaburuta mapovu hadi ndani ya pampu, impela inazunguka hewani na boti haiendi. Tena chuma na alumini vikikaa pamoja majini, alumini ndiyo inayoliwa. Mwisho akasema, "Basi iwashe nisikie sauti." Injini hii inapozwa na maji ya pampu yenyewe, nje ya maji ni sekunde chache tu. Na hata hiyo sauti ingemdanganya. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Nikiipunguzia mafuta hapa ili ingurume vizuri, huko Rukwa, chini kwa mita 900 hivi, hewa itazidi mafuta na pistoni itaungua. Kabureta, inayochanganya hewa na mafuta, nitairekebisha sawasawa nikiwa hukohuko ziwani.

Alikaa saa mbili nzima. Niliudhika, sifichi. Lakini mzee huyu ameuza ng'ombe kwa ajili ya boti hii, na siwezi kumjibu mkato mtu aliyeniamini kiasi hicho.

Mchana ukaja upepo. Upepo ni adui yangu kuliko umeme kukatika, kwa sababu unapeperusha agoni inayoukinga mshono na hewa, na mshono unageuka mweusi wenye vitundu kama mkate. Tukafunga turubai, likang'oka, tukafunga tena, dogo akalikalia pembe. Nachomelea sentimita tano, nasimama, nasikiliza, naendelea. Mgongo umepinda juu ya ule mdomo wa pampu, kona nne, kila kona nyembamba, jasho linaingia machoni ndani ya helmeti na sithubutu kuinua mkono. Sijui tulikula saa ngapi. Viazi vilikuwa vimeshapoa.

Jua limejificha, tukapaka chokaa upande mmoja wa mishono na mafuta ya taa upande wa pili. Mafuta ya taa hupenya hata pale maji yanaposita. Tukakaa kimya na tochi. Kona tatu kavu. Kona ya nne, ya nyuma kulia, ikaota doa dogo la unyevu.

Saa 2 usiku mzee akapiga simu.

"Imekwisha?"

"Bado, mzee. Kuna tundu moja, kama ncha ya sindano. Kesho nakata kipande hicho cha mshono nakirudia."

Akanyamaza kidogo.

"Basi sugueni vizuri."