Daftari la Maamuzi

Jumapili usiku

Leo nimelifungua tena daftari langu jembamba, ukurasa wa kwanza kabisa. Nimeandika hivi: "Nimechagua mada ya dodoso, nimeiacha ile ya takwimu zilizokwisha kukusanywa. Uwezekano wa kumaliza kwa wakati: asilimia 60. Ninachohofia: watu hawatajibu."

Ukurasa huo ulizaliwa na muhula uliotangulia. Tulipewa wiki tatu kuchagua mada ya utafiti. Wiki ya kwanza nilisoma. Ya pili nikauliza watu: wenzangu wanne, mhadhiri mmoja, na dada yangu. Kila mmoja alinipa jibu, na kila jibu likazaa swali jingine. Wiki ya tatu nikawa nasubiri uhakika, kama mtu anayemsubiri mgeni asiyeahidi kuja. Siku ya mwisho ikapita fomu ikiwa tupu, nikapangiwa mada iliyobaki. Mada yenyewe haikuwa na ubaya. Kilichoniuma kwa miezi minne ni kwamba sikuweza hata kusema nilikosea, maana sikuwa nimeamua lolote.

Nilipomlilia dada, hakunipa pole. Aliniambia, "Mdogo wangu, siku nyingine amua, halafu andika kabla hujaona matokeo. Ukishayaona utajiambia ulijua tangu mwanzo."

Nilidhani ni maneno ya mtu mzima tu, mpaka nilipokutana na jambo hilo hilo katika somo la saikolojia. Mwaka 1972, kabla Rais Richard Nixon wa Marekani hajazuru China na Umoja wa Kisovieti, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Ziara zilipokwisha, wakaombwa wakumbuke walikuwa wamekadiria nini. Kwa yale waliyoamini yametokea, wengi walikumbuka asilimia kubwa kuliko waliyokuwa wameandika. Niliposoma hayo niliwaza miaka yangu yote ya shule. Ni mara ngapi nimejilaumu kwa kutoona jambo "lililokuwa wazi"? Halikuwa wazi. Lilipata uwazi baada ya kutokea.

Basi nikaanza kuandika, lakini baada ya ukurasa ule wa kwanza, kwa wiki kadhaa daftari lilijaa "labda" na "nadhani". Maneno hayo hayashikiki. Matokeo yoyote yakija, utasema ndicho ulichomaanisha. Nikarudi kwenye namba, nikitumia njia aliyoipendekeza mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier mwaka 1950 kupima ubora wa utabiri. Jambo likitokea linahesabiwa 1, lisipotokea 0. Unachukua tofauti kati ya namba hiyo na kadirio lako, unaizidisha kwa yenyewe. Nikisema 0.8, yaani asilimia 80, na likatokea, alama yangu ni 0.04. Lisipotokea ni 0.64, na alama kubwa ndiyo mbaya. Kuna kitu humo kilichonigusa sana: anayejificha kwenye nusu kwa nusu hupata 0.25 kila mara, litokee lisitokee. Haaibiki sana, lakini pia hajifunzi chochote kuhusu macho yake. Mimi nilikuwa mtu wa 0.25.

Sasa nina makadirio 41. Nimeyapanga leo mchana, na nimekaa muda mrefu nikiyatazama. Mambo niliyoyapa asilimia 90 ni 12, na yametokea manane tu. Karibu yote yaliyonishinda yanahusu muda: nitamaliza sura hii Ijumaa, nitasoma makala tatu leo. Lakini mambo niliyoyapa asilimia 30 ni kumi, na yametokea saba. Hayo yanahusu uwezo wangu: kuelewa somo gumu, kuomba nafasi, kuongea mbele ya darasa bila kukwama. Miaka yote nikijiambia sijiamini, kumbe nilikuwa najiamini kupita kiasi upande mmoja na kujidharau upande wa pili. Ushauri wa "jiamini zaidi" nilioupokea kutoka kwa watu wengi wenye nia njema ungenizidishia kosa la kwanza.

Na lile dodoso? Watu walijibu, tena wengi kuliko nilivyotarajia. Kilichonichelewesha kwa siku tisa ni kusafisha data, yaani kurekebisha majibu yenye kasoro, jambo ambalo sikuliandika popote kwenye orodha ya hofu. Nimejiuliza kama uamuzi ule ulikuwa mbaya kwa kuwa nilichelewa. Nimesoma tena sababu nilizokuwa nazo siku ile, na kwa niliyoyajua wakati huo ningechagua vile vile. Ilinichukua muda kukubali kwamba kama uamuzi ulikuwa mzuri, na kama matokeo yalikuwa mazuri, ni maswali mawili tofauti.

Kesho saa sita mchana ndiyo mwisho wa kuchagua kati ya kozi mbili za hiari. Nimeuliza watu wawili, nikaacha. Nimechagua ile ngumu. Uwezekano wa kutoijutia mwisho wa muhula: asilimia 65. Ninachohofia: hesabu za wiki za mwanzo. Sababu nimeandika tatu, na ya tatu bado haijaniridhisha, lakini fomu nimeshaituma.