Ukitafuta kikundi, ulizia turubai

Natafiti vikundi vya kusaidiana mtaani. Orodha ya vikundi ipo ofisi ya kata, na afisa maendeleo ya jamii hana hiyana, anakufungulia faili ukae nalo. Humo utakuta vikundi vya aina mbili. Kuna vilivyofuata mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), ambayo bila cheti cha usajili huigusi. Na kuna vikoba, vikundi vya kuweka na kukopeshana, vilivyosajiliwa baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kuviingiza daraja la nne la watoa huduma hizo. Kwa maneno mengine, faili linakupa waliokuwa na sababu ya kwenda ofisini. Mimi nawatafuta wasiokuwa nayo.

Utafiti wangu uko Mbagala, Dar es Salaam, kwa watu wa kufa na kuzikana. Ukiingia uchochoroni ukauliza kama kuna kikundi, wanadhani umeleta mradi, wanakuelekeza kwa mwenye cheti. Siku hizi nauliza hivi: jirani akifiwa usiku huu, turubai linatoka kwa nani? Jibu linakuja hapo hapo. Turubai lina mtu analilaza chumbani kwake. Masufuria yamepigwa herufi kwa rangi, viti vya plastiki vina alama mgongoni. Nikiona alama ile ile nyumba ya tatu, najua nimefika.

"Umetumwa na serikali?" mama mmoja mtunza vyombo aliniuliza baada ya kuniitikia shikamoo. Nikamwambia natoka chuo. "Basi kaa, mwanangu. Lakini sisi si kikundi, ni majirani tu." Kisha majirani tu hao wakatolewa kabatini wakiwa kwenye kauntabuku nene, majina yamepangwa, miezi imepigiwa mistari kwa rula.

Katiba yao, karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono, inasema asiyechanga miezi mitatu amejitoa mwenyewe. Daftari halisemi hivyo. Kuna jina lina vyumba vitupu karibu mwaka mzima, halafu kwa kalamu nyingine: amefiwa na mama, kapewa. Kapewa sawa na wenzake. Niliuliza imekuwaje, mama akanitazama kama mtoto aliyekosa adabu. "Huyo ndiye anayepika misiba yote hapa. Tungemwacha azike peke yake?"

Kupika hakuandikwi popote. Wala kuchota maji, kulala matanga, kuosha masinia saa nane usiku. Lakini hesabu yake ipo vichwani na ni kali kuliko ya shilingi. Ukitaka kumwaibisha mtu mtaani humwiti mdaiwa, unasema haonekani misibani. Kwa hiyo sasa, pamoja na michango, naandika nani alimenya nini. Mtu anayepima kujitolea kwa michango ya fedha peke yake atamwandika mpishi yule kuwa mwanachama mbovu.

(Hili si jipya. Enzi za ukoloni, maofisa waliziangalia sana ngoma za beni, zenye vyama shindani vya Marini na Arinoti, na vyeo vyao vya kuiga jeshi. Lakini ndani ya ngoma hizo watu walikuwa wakiuguzana na kuzikana.)

Majina ya wasiochanga siyapigi picha. Nanakili kwa namba, na daftari linarudi kabatini mbele yangu.

Kinachonisumbua ni fomu yenyewe ya utafiti. Inataka idadi ya vikundi, na wanawake wale wale wana turubai pamoja, baadhi yao wanacheza upatu kwa kijumbe (mkusanya fedha) mmoja, wengine wanaongozana kwenda kutazama wagonjwa. Ni vitatu au ni kimoja? Inataka pia tarehe ya kuanzishwa. Mama akafikiri, akasema: "Tangu ule msiba wa masika tuliokwenda kuazima sufuria mtaa wa pili, wakatunyima." Nimeandika hivyo hivyo, na nimemwomba msimamizi wangu tuongeze nafasi kwenye safu hiyo.