Siku moja maishani mwangu: samaki wawili wa Mikocheni

Saa 11 alfajiri. Adhana ikiisha tu nishaingia chumba cha nyuma. Nina matangi sita ya samaki wa maji chumvi hapa Kinondoni, na kazi yangu ya kwanza kila siku ni kuhesabu vichwa. Leo kimoja hakipo. Namulika kwa tochi ya simu nyuma ya meza, namkuta sakafuni, amekauka kama dagaa: yule mwembamba mwenye kichwa cheupe na mkia mwekundu kama kaa la moto. Vitabuni ni *Nemateleotris magnifica*. Wateja wangu humwita mshale, na jina limemkaa, maana akitishwa hufyatuka, na palipo na mwanya juu ya tangi hatui tena majini.

Mwanya niliuacha mimi. Jana nilisogeza wavu wa kufunikia ili nipitishe waya wa feni, nikasahau kuurudisha. Aliyemtisha namjua pia: samaki wa mistari sita, mdogo, wa zambarau na machungwa, ambaye mteja mmoja aliniachia wiki iliyopita kwa kuwa "anasumbua wenzake". Nilimpokea kwa huruma. Huruma imenilia samaki.

Saa 12 na nusu. Chai, chapati, vipimo. Feni imeshusha joto hadi nyuzi 26. Bila feni, maji ya tangi hapa Dar hupita 29 kabla ya adhuhuri, na taa ikiwaka ndiyo kabisa. Lakini feni inakausha maji. Yanayopotea ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo ninajazia maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa. Kuna watu huongeza ya chumvi kila siku, halafu wanashangaa samaki wanahema.

Nachanganya dumu moja la lita 20 kwa ajili ya leo: kama gramu 35 za chumvi ya akwariamu kwa kila lita. Watu huniuliza kwa nini ninunue chumvi wakati bahari ipo pale Msasani. Mwenye kujua mito inayomwaga maji yake kwenye fukwe zetu mvua ikinyesha hahitaji jibu langu.

Saa 3. Bajaji. Dumu miguuni, mapajani boksi la maboya lenye mifuko miwili, kila mfuko na samaki mmoja aina ya klauni. Dereva anachungulia: "Kaka, hao wa kukaanga?" Namwambia wawili hawatoshi hata kachumbari.

Saa 4. Mikocheni, kliniki ya meno. Tangi lipo chumba cha kusubiria tangu wiki sita zilizopita, mawe na mchanga tu, na dada wa mapokezi amechoka kuulizwa na wagonjwa samaki wako wapi. Lilikuwa likiiva. Bakteria lazima wazaliane kwenye mawe waweze kula amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, na kuigeuza nitriti, kisha nitreti, ambayo ndiyo tunaipunguza kwa kubadilisha maji. Leo amonia ni sifuri, nitriti sifuri. Tayari.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, fundi. Umeniletea wangapi?"

"Wawili."

Uso unamshuka. Ananionyesha simu: picha ya yule samaki kangaja wa bluu iliyokoza mwenye mkia wa manjano, ambaye kila mtoto anamjua kwa sababu ya katuni. Anataka huyo, na kundi la vitatange, "wachangamfu, wenye rangi, mgonjwa asahau sindano."

Hapa ndipo kazi yangu halisi ilipo, nami huwa siharakishi. Tangi lake ni sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Hesabu inatoa lita 96, toa mawe na mchanga, zimebaki kama 80. Kangaja yule dukani ni mdogo kama sarafu, lakini hukua hadi sentimita 30, nusu ya urefu wa tangi zima. Na huo uchangamfu unaompendeza Daktari ni wa samaki aliyezoea kuogelea mwamba mzima kutafuta mwani. Ukimfungia humu atazunguka kioo na kioo mpaka aumwe madoa meupe. Vitatange nao wengi hula matumbawe, na Daktari anataka kupanda matumbawe laini.

"Kwa hiyo rangi sipati?"

Anazipata. Namwambia asiulize nani anaogelea mbali, aulize nani ana shughuli palepale alipo. Klauni hatembei sana, ila hatulii: anapepea, anasukuma mchanga, anamgombeza mwenzake. Hawa wawili wote bado ni wadogo; mkubwa atageuka jike, mwingine abaki dume, maana klauni wote huanza wakiwa madume. Daktari anacheka, anamwita dada wa mapokezi aje asikie.

Chini, baada ya wiki chache, nitamwekea samaki mdogo wa manjano aitwaye gobi, na kamba mpiga-risasi. Kamba haoni vizuri, anachimba shimo kutwa nzima huku vipapasio vyake vikigusa mkia wa gobi. Gobi akitikisa mkia, wote ndani. Hiyo peke yake inamaliza foleni ya wagonjwa. Katikati ya maji, mshale mmoja. Basi, wanne, na kamba wao.

"Na huyu je?" Picha nyingine: mistari sita. Kweli hatulii hata dakika, na anakula wadudu wadogo wanaosumbua matumbawe. Jana ningesita. Leo namsimulia nilichokiokota alfajiri.

Nafungua begi, natoa mpira wa dripu nilioununua famasi, naupitisha kutoka tangini hadi kwenye ndoo yenye klauni, nabana ili maji yadondoke tone kwa tone wazoee chumvi na joto taratibu. Daktari anasimama mlangoni na glavu zake.

"Umewatundikia dripu?"

"Dakika 45, Daktari. Hawa hawana bima."

Saa 7 mchana. Wali maharage, mama ntilie wa kona.

Saa 9. Masaki, kubadilisha maji ya tangi kubwa. Mwenye nyumba anaomba nimvulie samaki kisiwani Mbudya "tukienda kuogelea". Namkumbusha kwamba Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975. Mimi nanunua kwa mwenye kibali au sinunui.

Saa 12 jioni. Nyumbani, umeme hakuna. Nawasha pampu za betri za hewa moja moja. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, sitaki kubahatisha. Nashona wavu wa kufunikia upya, nauacha tundu dogo la waya tu. Mistari sita namhamishia tangi la peke yake. Ananitazama kama vile mimi ndiye mkorofi.

Saa 2 usiku. Video kutoka kwa Daktari. Kliniki inafungwa, giza, mwanga wa simu umewaelekea klauni wawili kwenye pembe ya juu ya tangi, wameinama ubavu, wanayumba na maji. *Fundi, wamekufa???*

Naangalia mara mbili. Mashavu yanacheza.

*Wamelala, Daktari. Zima tochi.*