Daftari la vipimo, ukurasa wangu

Mvua imeanza saa kumi jioni na bado inapiga bati kama inadai deni. Mawe ya huku kwetu Mabatini, Mwanza, yakilowa yanateleza utadhani yamepakwa sabuni, kwa hiyo leo hakuna kushuka wala kupanda. Nimekaa na daftari la vipimo mapajani.

Fundi cherehani anayejiheshimu ana daftari. Langu lina jalada gumu, nililianza 2016, na ndani kuna viuno na nyonga za nusu ya wanawake ninaowajua mjini hapa. Siri zao ninazo mimi. Ukurasa wa tatu ni wangu mwenyewe, maana siku hizo sikuwa na wateja, nikajipima ili daftari lisikae tupu: kiuno 31, nyonga 41.

Mwezi wa nane mwaka jana wifi yangu alikuwa na sendofu ya binti yake. Sare za ukoo zote nilishona mimi, yangu nikaikata mwisho, usiku, kwa vipimo vya ukurasa wa tatu. Fundi mzima! Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningempiga kwa rula. Zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma. Nikajizungushia futi nikasoma mara mbili: inchi 40.

Mtaniuliza mtu anaongezekaje inchi tisa asijue. Anajua. Ila nilikuwa nimehamia kwenye madera, na dera halitoi ushahidi. Halafu kila niliponenepa watu walinisifia. "Mama Neema umependeza, biashara inakubali eh?" Nani angekataa sifa kama hizo?

Nikaamua kupungua, na nilianza vibaya. Mteja mmoja alinipa siri ya maji ya ndimu na tangawizi: asubuhi glasi, mchana glasi, jioni matunda, ugali marufuku. Nilikaa siku tisa. Mzani wa duka la dawa ulionyesha nimepungua kilo nne, nikatembea mjini kama malkia. Siku ya tisa kichwa kilikuwa kinazunguka mbele ya cherehani, nikashona mkono wa kushoto wa gauni la mteja upande wa kulia, na wa kulia upande wa kushoto. Kitenge chenye ndege. Ndege wa mikononi wakawa wanaruka kuelekea nyuma. Nilikinunua upya kwa hela yangu, na jioni hiyo nikala chipsi mayai, na soda, na chipsi mayai nyingine. Wiki mbili kilo zote nne zilikuwa zimerudi kwao.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenieleza zilikokuwa zimeenda. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashika gramu kama tatu za maji. Ukiacha kula, akiba inatumika na maji yanatoka. Mzani unashuka, mafuta yapo palepale. Ukila tena, maji yanarudi. Akaniuliza, "Mama, ugali ulikukosea nini hasa?"

Ni binti mdogo, anaweza kuwa mwanangu, ila ana adabu na hana huruma. Alinipima: kilo 86, urefu sentimita 160, presha 142 kwa 91. Akagawa uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ikatoka 33 na ushee. Kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 unaitwa kiribatumbo. Sijawahi kusikia neno baya kama hilo likisemwa kwa upole kiasi kile.

Kisha akaomba futi yangu. Futi ina pande mbili, na sisi mafundi upande wa sentimita huwa tunausahau. Yeye aliugeuza akaweka ukucha kwenye 88. Kwa mwanamke, alisema, kiuno kikipita hapo hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo imepanda sana, kwa kuwa mafuta ya tumbo hayakai chini ya ngozi tu, yanajaa ndani mpaka kuzunguka ini. Nikageuza upande wangu nione: inchi 34 na nusu hivi. Mimi nilikuwa na 40.

Nilitegemea anipe orodha ya makatazo. Akanipa kazi: siku saba niandike kila kinachoingia mdomoni, nisibadilishe kitu. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha, akasema, na hata chini ya hapo asinilaumu mtu. Kilo nne mpaka nane tu, yaani asilimia tano hadi kumi ya uzito wangu, zingeweza kushusha presha.

Basi nikageuza daftari la vipimo nikaanzia nyuma. Hayo ndiyo maandishi niliyonayo mapajani sasa hivi na bado yananichekesha. Jumatatu: chai vikombe viwili, chapati mbili. Saa nne chai tena, andazi. Mchana ugali wa udaga, yaani wa muhogo, dagaa wa kukaanga, mchicha. Soda kaleta mteja. Saa kumi chai. Nilikuwa najisifu kwamba mimi si mtu wa vitu vitamu, na daftari linasema vikombe vinne kwa siku, kila kimoja sukari vijiko vitatu. Kumi na viwili, kabla hujagusa soda, wakati kwa mtu mzima inashauriwa vikibaki kama sita ni bora zaidi. Na soda ya nusu lita peke yake inaweza kuwa na sukari gramu 50, zaidi ya hivyo vijiko kumi na viwili.

Mafuta ndiyo yaliyonitia aibu. Mimi humimina kutoka kwenye galoni kwa jicho, kama alivyomimina mama yangu, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na chupa ndogo ya kutumia wiki nzima. Siku ya nne nikasema nipime. Nilimimina kwenye sufuria baridi kama kawaida yangu, kisha nikayachota kwa kijiko cha chakula kurudisha kwenye kikombe. Moja, mbili, tatu. Vijiko vinane, kwa mchicha wa watu wanne. Kijiko kimoja ni kalori kama 120. Nilisimama na kile kikombe dirishani nikakiangalia kwenye mwanga, mafuta ya njano yamejaa karibu nusu, na mchicha wenyewe ukiwa pembeni unasubiri, fungu la mia tano.

Sasa naweka vijiko viwili, na nyanya nyingi. Baba Neema alilalamika siku tatu, kisha akasahau. Dagaa tunapika kwa karanga au mchuzi mwepesi badala ya kukaanga. Sato tunamchemsha na ndimu, bilinganya na kitunguu, na kwa kweli sato mbichi wa soko la Mwaloni aliyetoka majini asubuhi ukimkaanga unamwonea. Ugali upo. Nilikuwa nakata nusu sahani, sasa nakata robo, nusu ni mboga: mchicha, matembele, mlenda. Chai nilishusha kijiko kimoja kila wiki mbili. Kutoka vitatu mpaka kimoja nilifika mwezi wa kumi bila kugombana na mtu. Sifuri sijafika na sidhani kama nataka.

Kutembea kulikuwa na ugomvi wake. Asubuhi kushuka mjini ni rahisi, dakika thelathini kupitia Mlango Mmoja. Jioni ndipo nilipokuwa na bodaboda wangu wa kudumu, kijana wa kituo chetu, miaka mitatu ananipandisha. Nilipoanza kushukia chini, pale lami inapoishia, akanyamaza siku mbili. Ya tatu akazima pikipiki. "Mama, kama ni bei tuongee. Kama kuna mwingine, niambie tu." Nikamwambia ni mazoezi. Akaniangalia, akaangalia mlima, akaangalia furushi la vitambaa kichwani kwangu. "Mazoezi na mzigo?" Tukakubaliana: furushi linapanda pikipiki kwa nusu nauli, mimi nafuata kwa miguu. Majirani wanaliona furushi langu limefika kabla yangu, limekaa kwenye jiwe kama mgeni.

Wiki ya kwanza nilipumzika mara nne. Siku hizi mara moja, na hapo nasingizia kuangalia ziwa.

Lililonisumbua kuliko njaa ni macho ya watu. Kufikia Krismasi nilikuwa nimeshuka kilo tano, usoni ndipo palipotangulia, na sifa zikakoma. Badala ya "umependeza" nikaanza kusikia "uko salama?" Inasemwa polepole, mkono begani. Kwenye kikoba mweka hazina alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba mfuko wa jamii upo kwa ajili ya mambo kama hayo, nisione aibu. Mambo gani, dada? Akanibana mkono. Wiki iliyofuata mmoja wao akaniletea kilo mbili za unga wa lishe. Nikaupokea kwa mikono miwili. Ningefanyaje?

Siwacheki. Sisi wa pembezoni mwa ziwa hili tuna sababu ya kuogopa wembamba. Ng'ambo huko, Kagera, ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, kabla watu hawajawa na jina lake. Wakauita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Shangazi aliyenifundisha cherehani aliishi Bukoba miaka hiyo, na kazi aliyoichukia kuliko zote ilikuwa kubana nguo. Mtu analeta gauni lilelile, libane kidogo; mwezi ujao analileta tena. Alisema fundi alijua kabla ya ndugu. Leo dawa zipo, mtu anameza anaishi na ananawiri, lakini hilo jicho limebaki, na mimi mwenyewe ninalo. Mteja wangu akipungua inchi mbili moyo unanishtuka kabla sijauliza.

Kwa hiyo ninaposoma mtu anajivunia kupunguza kilo kumi kwa mwezi, nafikiria angeziishi wapi hizo kilo kumi hapa Mabatini. Polepole ya muuguzi imenisaidia kwa namna ambayo yeye hakuitaja: nimepata muda wa kuwazoesha watu.

Wa mwisho kuzoea alikuwa mama mkwe. Alivuka kutoka Ukerewe mwezi wa kwanza na udaga na dagaa wake. Nikapiga goti. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akanishika kidevu. "Mwanangu, mbona hivi? Huyu mwanangu hakupi chakula?" Nikampikia sato wa kuchemsha, matembele, ugali. Akala tonge tatu kwa kila moja langu, na kwa jicho la fundi kiuno chake hakizidi 30, miaka 74. Ila yeye ana jembe mkononi tangu alfajiri, mimi nakaa kwenye stuli kwa saa tisa, mguu mmoja tu ndio unaotembea. Alipomaliza akapangusa sahani kwa kidole. "Samaki mtamu. Kumbe mnajua kupika bila mafuta, mlikuwa mnajificha?" Kisha akanisogezea ugali uliobaki.

Krismasi nilikuwa nimepandisha kilo mbili kijijini, kwa wali na mbuzi, zikachukua mpaka mwisho wa Januari kushuka. Wiki nyingine mzani hausogei kabisa. Jumatano iliyopita: kilo 80, presha 131 kwa 84. Muuguzi akaandika, hakunipigia makofi, akasema nirudi baada ya miezi mitatu.

Kiuno nimekipima sasa hivi, mvua ikinyesha: 37. Nimelitoa lile gauni la sendofu, ambalo usiku ule nililifungua mishono nikalipachika vipande pembeni ili linitoshe. Vipande nimevifumua. Bado zipu inasimama, vidole vinne kabla ya juu. Nimelirudisha kwenye mfuko. Kesho kuna sare kumi na mbili za kwaya, na kijana wa bodaboda ameshatuma ujumbe kuuliza kama mvua ikiendelea atabeba furushi tu au na mimi pia.