Nilivyorudi kuipokea simu ya baba

Kuna kipindi simu ya baba niliijua kwa tumbo kabla sijaitazama. Ikiita tu, tumbo linakaza na viganja vinatoa jasho, hata kama ni Julai na Mbeya nzima imejifunika majaketi. Nilikuwa na fremu yangu ya ushonaji pale Mwanjelwa, mafundi wawili, mke na watoto. Ukinitazama ungesema huyu mambo yamemnyookea. Usiku, ikifika saa nane, nilikuwa nimeshashtuka, moyo unadunda kama mtu aliyekimbizwa.

Nilipima malaria. Nikapima presha. Nikameza dawa za vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa navyo. Mteja mmoja akanihakikishia nimetupiwa kitu, na nakiri nilimwamini kwa siku mbili. Mke wangu ndiye aliyesema, "Baba watoto, wewe huumwi mwili." Nilikasirika, maana mtaani kwetu mtu akisema hivyo ni kama anakukatia tiketi ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, na watoto hutaniana kwa jina hilo.

Wazazi wangu ni wa Burundi. Walivuka mwaka 1972, kwenye yale mauaji ambayo Warundi wenyewe huyaita Ikiza. Baba alikuwa na miaka 16. Mimi nilizaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda, nikakua nikijua kwamba kutoka nje ya makazi kunataka kibali. Zahanati nilimtafsiria mama maumivu yake, hata yale ambayo mtoto wa kiume hapaswi kuyasikia. Fomu za uraia zilipokuja nilizijaza za nyumba nzima, na za majirani. Mwaka 2014, vyeti vilipoanza kutolewa kwa watu zaidi ya 160,000, baba alikitia chake kwenye mfuko wa nailoni, mfuko kwenye begi, begi chini ya kitanda.

Begi hilo lilikuwapo tangu sijapata akili. Lilikuwa na nguo pea moja ya kila mtu, karatasi, na chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa. Utotoni nilidhani kila nyumba ina begi la namna hiyo.

Mimi ni kifungua mimba, tena ndiye niliyetoka. Kwa hiyo ada ni mimi, bati ni mimi, mbolea ni mimi, msiba ni mimi. Sikulalamika. Ningeanzaje kumlalamikia mtu aliyetembea kwa miguu ili mimi nizaliwe? Hesabu hiyo hailipiki, na nadhani ndiyo iliyokuwa inaniamsha saa nane.

Kilichonivunja hasa ni jambo dogo. Ukweni ni Tukuyu. Siku moja baba mkwe alinizungusha migombani akinionyesha makaburi: huyu babu, huyu bibi, huyu kaka yake babu. Kisha akauliza, kwa wema kabisa, "Na babu yako, mkwe, amelazwa wapi?" Nikajibu "Mpanda." Ulikuwa uongo. Usiku ule sikulala kabisa.

Nesi jirani yetu alituelekeza kwa mshauri nasaha, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Daktari aliyefanya naye kazi alinipa vidonge vya wiki chache ili usingizi urudi, na ulirudi kiasi. Lakini kilichonisaidia zaidi ni daftari. Yule mama aliniambia kwa mwezi mzima niandike kila simu ya nyumbani: nani kapiga, kataka nini, na mwili wangu ulifanyaje. Niliandika nyuma ya daftari la oda, baada ya vipimo vya suruali za watu.

Mwezi ulipoisha tukahesabu. Simu 11. Za kuomba hela zilikuwa 4. Zilizobaki baba alikuwa anauliza kama mvua imenyesha, kama mtoto amepona kikohozi, kama Mbeya bado kuna baridi. Nilikuwa natetemekea simu za mvua.

Tukapanga kiasi cha kutuma kila tarehe 5, kisichozidi, hata pasiwe na aliyeomba. Hapo ndipo nilipotofautiana na yule mama. Alitaka nimwambie baba mwenyewe, kwa upole, kwamba zaidi ya hapo sitaweza. Nilicheka. Baba yangu hasemeshwi hivyo na mwanawe, na mimi sina ulimi huo. Kuoa kwenyewe nilituma mshenga, sembuse hili! Nikamtuma baba mdogo. Akaenda akakaa naye jioni mbili, ya kwanza wakazungumzia mihogo tu, ya pili akafikisha.

Baba akanyamaza wiki tatu. Sikuwahi kupata wiki ngumu kama zile, nilitamani nitume mara mbili ya kiasi ili anipigie tu. Mke wangu aliificha simu. Wiki ya nne ikaita. "Huko mvua?" Nikasema ipo. Akasema, "Baba yako mdogo amenieleza," basi, akaulizia watoto.

Baada ya mavuno nikapanda basi, Tunduma, Sumbawanga, hadi Mpanda, kisha Katumba. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mikono ina kazi na macho yako chini, nami nikaona hapo ndipo pa kuuliza. Nikauliza kuhusu chumvi tu, si kuhusu mengine. Akapukuchua gunzi zima kwanza. Kisha akasema njiani walikula majani, na mdogo wake wa kike alikataa kuyala kwa kuwa hayakuwa na chumvi. Akachukua gunzi jingine. Sikumuuliza kama huyo shangazi alifika. Nilisema "Ihangane", pole ya kwao, na kwa kuwa Kirundi changu ni cha kuombea maji, alinitazama kama aliyesikia sauti ya mtu mwingine.

Sijapona moja kwa moja. Januari, ada zikibana, saa nane bado inanijua, na tumbo nalo likikaza naacha simu iite mara mbili, navuta pumzi, ndipo napokea.

Pasaka iliyopita tulikuwa Tukuyu. Tulipofika migombani nilimwambia baba mkwe kwamba siku ile nilimdanganya, kwamba babu yangu sijui alipolala, na baba naye hajui. Mzee aliinama akang'oa magugu pembeni ya kaburi la kaka yake babu. "Njoo huku," akasema, "huu mkungu unataka watu wawili."