Karanga zinanyauka, kumbe adui yuko chini

Mwaka jana huku Tabora karanga zangu zilikuwa zimependeza kweli, zimefunga shamba lote, mara naona tawi moja limenyauka, kesho yake mawili, nikasema jua tu hili. Jua wapi! Nimefunua majani pale shinani nakuta nyuzi nyeupe kama pamba zimezunguka, na vipunje vya kahawia, ungesema mtu kamwaga ulezi.

Huyo fangasi anaitwa Sclerotium rolfsii. Vile vipunje ndo akiba yake, vinakaa udongoni hata miaka mitatu minne vinasubiri tu, vikipata unyevunyevu na joto la nyuzijoto 27 hadi 30 hivi vinaamka, nyuzi zinatoka, zinaanza na majani makavu yaliyodondoka alafu zinahamia kwenye shina, tena zinatanguliza asidi inayoua shina kabla hata hazijaingia. Ukija kung'oa, vikonyo vimeoza, karanga zinabaki ardhini.

Mi mwenyewe nilichangia. Wakati wa palizi niliwaambia vijana wapandishie udongo mpaka shinani, najiona fundi, kumbe nampelekea chakula mlangoni. Na ilikuwa karanga juu ya karanga, msimu wa tatu huo.

Safari hii pale nimeweka mahindi, masalia nimeyafukia chini kabisa maana vipunje vikizama sana haviamki kirahisi. Karanga nimehamishia ng'ambo ya korongo. Juzi nimeinamia shina moja moja na tochi, mke wangu kacheka mpaka basi.