Nilivyopima malezi ya wauguzi wanafunzi wodini

Katika kazi yangu ya ukufunzi wa uuguzi jijini Mwanza, jambo lililonisumbua kuliko mengine ni kujua kama wauguzi walezi, tunaowakabidhi wanafunzi wetu wodini, wanawafundisha kweli au wanawatumia tu kama wasaidizi wa kazi.

Mwanzoni nilitegemea hojaji ya kujazwa na wanafunzi, iliyofuata mfano wa CLES+T, kipimo kilichoanzia Finland, ambacho katika toleo la 2008 kina vipengele 34 kuhusu mazingira ya kujifunzia, uongozi wa wodi, huduma yenyewe, uhusiano wa mwanafunzi na mlezi, na nafasi ya mkufunzi. Kipimo ni kizuri, lakini majibu yalinitia shaka, kwa kuwa karibu kila mlezi alipewa 4 au 5 kati ya 5. Nilielewa sababu siku mwanafunzi mmoja aliponirudishia fomu yake tupu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, Sista bado hajanisainia kitabu."

Tangu hapo hojaji hutolewa baada ya vitabu vya mazoezi, ambavyo mlezi husaini kuthibitisha kazi ya mwanafunzi, kusainiwa na kukusanywa, na haina jina. Pia niliiandika upya kwa Kiswahili, kwa sababu darasani tunafundisha kwa Kiingereza, ilhali wodini mtu hukaripiwa, huelekezwa na hutiwa moyo kwa Kiswahili. Nafasi ya maoni, iliyozoea kurudi wazi, ikaanza kujaa.

Hata hivyo, kilichonifundisha zaidi ni kukaa na kutazama. Asubuhi moja nilivuka kwa kivuko cha Kamanga hadi kituo kimoja ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, nikakaa leba na mkunga ambaye wanafunzi walimwogopa kwa ukali wake. Mwanafunzi alikuwa amempima mama saa mbili asubuhi, akakuta njia imefunguka sentimita 4. Saa sita mchana akakuta 5. Alipojaza patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, aliweka nukta ya pili kwenye safu inayofuata, kana kwamba imepita saa moja tu, na kwa hiyo mama akaonekana yuko sawasawa juu ya mstari wa tahadhari, unaoonyesha mwendo wa sentimita moja kwa saa. Mkunga aliliona kosa, lakini hakuchukua kalamu. Aliuliza tu, "Kati ya nukta hizi mbili pamepita saa ngapi?" Mwanafunzi akahesabu kwa kidole, akanyamaza, akairekebisha nukta, na mama akawa upande wa kulia wa mstari ule, yaani uchungu wake ulikuwa unakwenda polepole mno. Ndipo wakamwita daktari pamoja, kwa kuwa huko mama aliyehitaji rufaa ya mjini Mwanza ilibidi avuke maji, na saa tatu zilizofichwa na nukta moja ni nyingi mno. Baadaye mkunga alimvuta binti pembeni, akamtaka aeleze mwenyewe alipokosea.

Mlezi mwingine, mpole na mwenye alama za juu, aliwazalisha akina mama watatu mbele yangu huku mwanafunzi akishika trei tu. Ndiyo maana fomu yangu ya kutazama ina maswali matatu: je, kazi ilibaki mikononi mwa mwanafunzi, je, mlezi aliuliza kabla ya kueleza, na je, walirudi kuizungumza? Pembeni naandika idadi ya wanafunzi na ya wagonjwa, kwani si haki kumpima mwenye wanafunzi saba sawa na mwenye wawili.

Matokeo humfikia mlezi mwenyewe kwanza, tukiwa wawili. Yule mpole aliumia, nami niliona uchungu wake, lakini wiki mbili baadaye nilimkuta amesimama nyuma ya mwanafunzi, mikono mgongoni, akimwacha apokee mtoto. Mkunga mkali alisoma karatasi yake yote, kisha akasema, "Mwalimu, njoo na zamu ya usiku. Huko ndiko wanakoachwa peke yao." Nilienda, nikakuta wanafunzi wanne ambao jina la mlezi wao halikuwa popote kwenye ratiba. Sasa fomu ya usiku huanza kwa kuuliza jina hilo.